Kijani cha Ushirika

Jumatatu, 4 Machi

Sijaandika humu tangu kiangazi kilipoanza, na ukurasa uliotangulia huu unaishia kwenye sentensi isiyo na kitenzi, jambo ambalo nisingemsamehe mwanafunzi yeyote. Daftari si mtu, kwa hiyo sijui namwomba radhi nani. Hata hivyo naomba. Sababu sina, na uvivu haujawahi kuwa sababu.

Nimerudi kwa kuwa nimepewa kazi. Asubuhi mwenyekiti wa ushirika wa maziwa alinitembelea. Nilimfundisha zamani, sasa ana mvi, lakini bado hutoa mikono mifukoni anaponiona. Alikunywa chai bila kugusa mkate, nikajua ana jambo.

"Mwalimu," alisema, "nembo yetu imetawanyika. Kila kituo kina ya kwake. Kuna iliyonenepa, kuna iliyokonda, kuna iliyolala chali. Mnunuzi akituuliza ipi ni ya kweli, tunababaika."

Wanataka mtu apite kila mahali nembo ilipo, aikague, kisha asome taarifa mbele ya kamati. Baada ya hapo kamati itaamua: ama Fundi Tone aendelee kuipaka nembo kwa mkono, ama kazi yote ipewe kampuni ya uchapaji yenye mashine.

Fundi Tone ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Anaishi katika chumba cha uani kwangu, karakana yake iko mlangoni pake, na ameipaka nembo hiyo tangu ushirika ulipozaliwa. Kazi nyingine hana, wala hajawahi kuitamani.

"Unajua kwamba huyo ni shemeji yangu," nilimwambia mwenyekiti.

"Ndiyo maana tumekuja kwako. Ukisema amekosea, hakuna atakayebisha. Ukisema yuko sawa, pia hakuna atakayebisha."

Nimekubali. Mawingu yamejaa, mvua bado.

Jumanne, 5 Machi

Nimeusoma mwongozo wa nembo, kijitabu chembamba alichokitayarisha binti wa masoko, msichana aliyeajiriwa na ushirika mwaka huu. Ameutoa katika mchoro wa kwanza kabisa. Nembo ni duara la kijani, na ndani yake tone jeupe la maziwa lenye ncha juu. Duara lisivutwe wala kubanwa. Tone lisigeuzwe. Pembeni ibaki nafasi tupu, isiingiliwe na maneno wala mapambo. Rangi ni moja tu, na mraba wake umechapwa kwenye ukurasa wa mwisho ili mtu alinganishe. Ni kazi nzuri. Palikuwa na koma zilizopungua, nimezitia kwa penseli.

Wakati wa chakula cha mchana nilimweleza Shemeji.

"Nasikia umekuwa polisi wa tone," alisema.

"Nimekuwa mkaguzi."

"Basi anza na mimi. Mimi sihitaji kitabu. Mkono unajua wenyewe."

"Mkono haujui kitu. Anayejua ni mwenye mkono."

Alicheka, akamimina chai mpaka ikapita ukingo wa kikombe. Nilimwambia kwamba hata chai inahitaji nafasi tupu.

Niandike namna anavyofanya kazi, maana ndiyo nitakayoikagua. Duara analipata kwa mfuniko wa kopo lake la kwanza la rangi, ambao ameutunza mpaka unang'aa. Tone analichora kwa mkono mtupu. Rangi ya kijani hainunui. Anachanganya bluu na njano mwenyewe kwa kutazama tu, kama mpishi anavyoonja chumvi. Akimaliza kibao huandika mwaka kwenye kona ya chini kwa herufi ndogo sana.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha, na ukaguzi wa kwanza umefanyika.

Gari la maziwa lina nembo mlangoni, na dereva amelitia tone macho mawili na mdomo unaocheka.

"Watoto wanalipenda, Mwalimu. Wakiliona wanakimbilia barabarani."

"Unataka wakimbilie barabarani?"

"Nitayafuta macho," alisema. "Mdomo je?"

"Tone halina mdomo."

Katika kituo cha bondeni nembo imebanwa ili iingie juu ya mlango, na tone limekuwa kiazi. Msimamizi wa kituo hicho ni mama mwenye sauti kubwa. Aliniambia kwamba wateja wake wanalijua kiazi hilo na hawajawahi kulalamika. Katika kituo cha juu wamepigilia saa ya ukutani katikati ya tone. Nilipowauliza kwa nini, waliniambia kwamba msumari ulikuwapo tayari.

Hayo yote si makosa ya Shemeji. Yeye alipaka sawasawa, wengine wakaongeza na kubana. Nimeandika hivyo katika taarifa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 16 Machi

Ushirika ulishona vitambaa vya kichwa kwa akina mama wa vituoni. Nembo iko katikati, lakini kitambaa kikifungwa, tone hugeuka kichwa chini. Niliwaeleza. Wakajaribu kukifunga upande wa pili, kikawa kinawaangukia machoni. Tulicheka sote. Mimi nilicheka kidogo.

Shemeji amejikwaa kwenye kizingiti ambacho amekivuka miaka yote. Anasema mvua imekiinua.

Jumatano, 20 Machi

Leo nilikumbuka ukurasa wa mwisho wa mwongozo. Kwa siku zote hizo nilikuwa natazama umbo, nikaisahau rangi. Nilichukua ule mraba wa kijani nikauweka juu ya kibao kipya kabisa cha Shemeji, kile cha mlango wa ofisi kuu.

Haikuwa rangi hiyo. Kama ile ya kibao si bluu, basi ni jirani yake wa karibu.

Niliurudisha mraba, nikautazama tena mbali na dirisha, nikautazama nje ya mlango. Ni kweli. Mtu ambaye duara lake halina hata kigugumizi, na tone lake limesimama kama mshumaa, amekosea jambo ambalo mtoto wa chekechea angeliona. Nimeandika neno moja katika taarifa: uzembe.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ndefu, naandika nikiwa nimechoka.

Tangu wiki iliyopita watu wamekuwa wakilalamika kwamba maziwa ya ushirika ni maji matupu, na baadhi yao yamewaharibu matumbo. Kumbe kuna jamaa amefungua kibanda karibu na stendi, anauza maziwa yake chini ya nembo yetu. Mwenyekiti, binti wa masoko na mimi tulikwenda na gari la maziwa kumwona. Mvua ilikuwa imepumzika, barabara yote matope.

Kibao chake kilikuwa kimening'inia mbele ya kibanda. Binti wa masoko alitoa mwongozo ili amwonyeshe mwizi makosa yake. Akauweka kando ya kibao. Akautoa, akauweka tena.

"Mwalimu," aliniita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo."

Duara sawa. Tone sawa. Nafasi tupu sawa. Rangi ilikuwa kijani kilekile cha mraba, kana kwamba vimetoka kopo moja. Katika mji wote, aliyefuata mwongozo ni tapeli peke yake.

"Umeitoa wapi nembo hii?" mwenyekiti alimuuliza.

"Kwenye kalenda ya bati iliyokuwa jikoni kwa mama," alijibu yule jamaa, mnene, mpole, wala hana wasiwasi. "Ya mwaka mlioanza. Mimi nikiiga, naiga vizuri."

Mama mmoja aliyekuwa akingojea kununua aliingilia. "Kwani hii si ya ushirika?"

"Siyo, mama. Umedanganywa."

"Ndiyo maana! Mimi ya ushirika naijua, ni ya bluu. Nilipoona hii ya kijani nikadhani mmeiboresha."

"Yetu ni ya kijani, mama," mwenyekiti alisema. "Imekuwa ya kijani siku zote."

"Iko wapi hiyo ya kijani? Nionyeshe moja."

Mwenyekiti aligeuka kulitazama gari letu lililokuwa limeegeshwa nyuma yake. Alilitazama kwa muda. Kisha akanigeukia mimi.

Tunapita mbele ya nembo hizo kila siku, na kitu unachopita mbele yake kila siku huachi tu kukiona, bali unaapa kwamba umekiona. Jamaa amefungiwa kibanda. Lakini njiani binti wa masoko alisema kwa upole kwamba kampuni ya uchapaji iko tayari kuanza wakati wowote. Kamati itanisikiliza tarehe 22 Aprili.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua mchana kutwa. Shemeji amefanya kazi akiwa ameupa mwanga mgongo. Nilimwambia ageuke. Alisema mwanga unamchoma.

Jumatano, 3 Aprili

Kulikuwa na vibao vilivyochakaa vimehifadhiwa katika stoo ya ofisi kuu. Nilimwomba dereva anisaidie kuvitoa barazani, pamoja na vile vilivyoshushwa vituoni, nikavipanga kwa miaka iliyoandikwa pembeni. Vilisimama ukutani kama watoto wa familia moja waliopangwa kwa kimo.

Cha kwanza ni kijani cha majani. Kinachofuata ni hichohicho. Kinachofuata pia, lakini kimepoa kidogo. Ukivitazama viwili vilivyo jirani huoni tofauti. Ukitazama cha kwanza na cha mwisho, kimoja ni shamba na kingine ni anga.

"Jua limevibadilisha," dereva alisema.

"Jua hufifisha. Hivi havikufifia. Na vilivyobadilika zaidi ndivyo vipya."

Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Mzembe hukosea huku na huku, leo hivi, kesho vile. Huyu amekosea upande mmoja, hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka, kwa uangalifu mkubwa. Kosa la namna hiyo haliitwi uzembe. Nimelifuta lile neno, lakini sijajua niandike lipi mahali pake.

Jumanne, 9 Aprili

Nimelijua.

Nilikwenda karakana wakati mvua imekatika. Shemeji alikuwa akichanganya rangi. Alitia njano kidogo, akatia bluu, akakoroga, akakunja uso, akatia bluu tena.

"Imetosha," nilisema.

"Bado. Imekaa kama majani makavu. Bluu za siku hizi hazina nguvu, Shemeji. Zamani kijiko kimoja kilitosha."

Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimevaa kitambaa cheupe kichwani, nilichokifua jana na kukitia buluu ya kufulia kama nilivyofundishwa na mama yangu.

"Kitambaa hiki ni cha rangi gani?"

"Leo ni mtihani?"

"Jibu swali."

Alikitazama, akasogea, akakitazama tena. "Rangi ya siagi," alisema. "Kinakupendeza."

Kitambaa hicho ni cheupe kama chaki. Nilimshika kidevu kama nilivyokuwa nikiwashika watoto wenye homa, nikamgeuzia kwenye mwanga. Akafumba macho kwa maumivu. Alipoyafumbua niliona katikati ya mboni ya kila jicho ukungu wa rangi ya chai ya maziwa.

"Una mtoto wa jicho," nilimwambia. "Macho yote mawili."

"Nina umri," alijibu. "Niachie kidevu changu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Dunia imemgeukia njano, naye amekuwa akitia bluu ili kijani kibaki kijani. Kwake hakijabadilika hata siku moja. Amekuwa mwaminifu kwa rangi ambayo hakuna mwingine anayeiona.

Nimekaa barazani muda mrefu. Chai iliyomwagika, kizingiti, mgongo kwenye mwanga. Nilikuwa nayaona yote na kuyasahihisha.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumegombana. Naandika kama ilivyokuwa.

Alinijia jikoni asubuhi, hakukaa.

"Utaandika nini kwenye taarifa yako?"

"Nitaandika kwamba umbo ni sahihi, rangi si sahihi, na sababu ni macho."

"Andika mkono umechoka. Andika rangi za dukani zimeharibika. Macho usiandike."

"Nitaandika ninachokijua."

"Unajua maana yake? Fundi wa rangi asiyeona rangi! Watacheka mpaka wakae chini. Watasema nimevaa miwani ya mbao. Na yule binti atampigia simu mwenye mashine kabla hujafunga daftari."

"Nenda hospitali. Hili linatibika. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Siendi, Mwalimu."

Ananiita Mwalimu akiwa amekasirika. Nilimwambia sijawahi kumwongezea mtu alama kwa sababu ni ndugu yangu. Alinijibu kwamba anajua, kaka yake alimwambia. Akaondoka, na kikombe chake kimebaki mezani hakijaguswa.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuja kunywa chai.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuja. Anajipikia uani. Harufu ya kuungua imefika mpaka sebuleni. Mvua inapiga bati, haisikiki sauti nyingine ndani ya nyumba. Nimeiandika taarifa mara ya tatu. Kila mara inasema jambo lilelile, na kila mara inasomeka kama shtaka.

Jumatatu, 22 Aprili

Kamati ilikutana katika ukumbi wa ofisi kuu, watu wameloa, miavuli imejaa mlangoni. Nilisimama nikasoma. Nilieleza kiazi cha bondeni, saa ya kituo cha juu, macho ya dereva. Watu walicheka, na mama wa bondeni alitetea kiazi chake kwa nguvu zote. Niliwaambia kwamba nembo ni kama saini. Mwenye saini kumi hana saini. Hilo walilielewa, wakaacha kucheka.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa rangi. Nilivuta pumzi. Kabla sijasoma, sauti ilitoka kwenye benchi la nyuma.

"Hapo niachie mimi, Shemeji."

Sikuwa nimemwona akiingia. Alikuja mbele akipapasa migongo ya viti, koti linachuruzika maji, akasimama kando yangu.

"Kijani mnachokitafuta, ninacho kichwani," alisema. "Macho ndiyo yamenigeuka. Kila kitu kimepakwa siagi. Hata mwenyekiti hapo amepakwa siagi, nashangaa hamjamweka kwenye mkate."

Ukumbi uliangua kicheko, na mwenyekiti akawa wa kwanza. Lakini nilimsikia Shemeji akipumua kama aliyepanda mlima. Sikumtazama. Kama ningemtazama angeniona ninavyofuta miwani, nami sikutaka aone.

Binti wa masoko aliinua mkono. Nilijiandaa kumsikia akitaja mashine. Akasema: "Bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Walimtoa yule mtoto wa jicho, sasa anatunga uzi kwenye sindano. Mimi naomba tungoje mwisho wa mvua."

Wamekubaliana hivi: Fundi Tone atibiwe, kisha apake kibao kimoja cha mfano bila kusaidiwa. Kamati itakilinganisha na mwongozo na kuamua. Mpaka hapo hakuna nembo mpya itakayopakwa wala kuchapwa.

Njiani tulitumia mwavuli mmoja.

"Ulikuwa umeandika nini pale?" aliniuliza.

"Ulichokisema. Bila siagi."

"Basi yangu ilikuwa bora."

Nimelazimika kukubali.

Jumamosi, 27 Aprili

Amepangiwa upasuaji wa jicho la kulia Alhamisi ijayo, na leo amesema haendi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, mvua nyepesi inadondoka mbele yake. Nilileta kiti changu nikakaa. Sikusema neno. Darasani nilijifunza kwamba ukinyamaza kwa muda wa kutosha, mtu atalijibu swali ambalo hukuliuliza.

"Kaka aliingia kule kwa miguu yake," alisema mwishowe. "Aliniachia saa yake, akaniambia nimshikie kidogo tu. Mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi. Wewe ulikuwa umekwenda kununua maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Sijawahi kuiandika siku hiyo humu, wala leo sitaiandika. Niliporudi na maji, alikuwa amesimama ameshika ile saa kwa mikono miwili, nami nikajua.

"Moyo si jicho," nilimwambia. "Alikuwa mgonjwa sana. Wewe unapika ukaunguza, unagombana, unatania wenyeviti. Una nguvu za kutosha."

"Najua. Nikiwaza, najua. Nikifika pale mlangoni miguu inakataa kujua."

Tulitazama mvua.

"Mimi pia sijaingia katika jengo lile tangu siku hiyo," nilisema. "Nikiumwa naenda zahanati."

Aligeuka. "Wewe? Unaogopa?"

"Siogopi. Sipendi."

"Shemeji."

"Haya, naogopa."

Alicheka polepole, kicheko kilekile cha kaka yake. "Basi tutakuwa waoga wawili kwenye benchi moja."

"Nitakaa mpaka utoke. Maji nitayabeba kutoka nyumbani, sitakwenda kununua."

Aliondoka akaingia ndani, akarudi na ile saa ya kaka yake. Haifanyi kazi. Aliiweka kwenye paja langu.

"Alhamisi utanishikia wewe," alisema.

Jumatano, 1 Mei

Nimepiga pasi nguo zake. Nimepiga pasi na zangu.

Alhamisi, 2 Mei

Alijikaza kisabuni mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Hapo alisimama. Muuguzi alimwambia, "Karibu, baba, hutasikia kitu." Alinigeukia, nikamwonyesha chupa ya maji na ile saa. Akaingia kwa miguu yake.

Akatoka kwa miguu yake, jicho limefunikwa, analalamika kwamba muuguzi alikuwa akiimba na hajui kuimba.

Nimeshukuru. Zaidi ya hapo sina maneno, na sitayalazimisha.

Ijumaa, 3 Mei

Bandeji imeondolewa. Daktari wa macho, kijana mwenye haraka, alimwambia afumbue taratibu. Shemeji alifumbua, akanitazama mimi kwanza.

"Kumbe ni cheupe," alisema. Alikuwa anakitazama kitambaa changu. Nilikuwa nimekivaa makusudi.

Kisha akaongeza: "Na wewe umezeeka, Shemeji. Nani alikuruhusu?"

Tulirudi nyumbani kwa gari la maziwa. Alipolifikia alisimama mbele ya mlango ambao aliupaka mwenyewe. Alifunga jicho moja, akafungua. Akafunga la pili, akafungua. Alirudia kama mtoto mwenye kidude kipya, dereva akingojea na injini inanguruma.

"Kwa hili la zamani ni kijani," alisema. "Kwa hili jipya ni bluu. Bluu kabisa! Nani alipaka hii?"

Dereva alijifanya kushughulika na kioo.

"Ni wewe," nilisema.

"Na mji wote uko hivi?"

"Mji wote."

Alipanda, akakaa, akayatazama mabango yakipita dirishani, moja baada ya jingine. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika.

"Na mlinyamaza!"

"Hatukuona," nilisema. "Sisi tulikuwa na macho mazima, hatukuona."

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zinapungua. Anajitia dawa ya matone asubuhi na jioni, na kunisomea maandishi ya pakiti ya chai kutoka upande wa pili wa meza ili nijue kwamba anaweza. Nilimsahihisha matamshi mara moja. Dereva amefuta macho na mdomo wa tone. Kituo cha juu kimehamisha saa. Mama wa bondeni bado anafikiria.

Jumatano, 15 Mei

Leo amechanganya rangi. Niliketi mbali, sikusema kitu, maana masharti ya kamati ni kwamba asisaidiwe. Njano, kisha bluu kwenye ncha ya kijiko. Akakoroga. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama. Hakuongeza.

Alipomaliza kibao nilichukua mwongozo, nikauweka ule mraba juu ya duara lililokauka. Sikuona mwisho wa karatasi na mwanzo wa rangi, ila kwa kivuli cha ukingo. Niliufuatisha ukingo huo kwa kidole ili nihakikishe.

"Umepata," nilimwambia.

"Ngapi juu ya ngapi?"

Sijawahi kumpa mtu alama zote. Nilimwambia asubiri kamati.

Ijumaa, 17 Mei

Kamati inakutana kesho asubuhi. Mbingu iko wazi, na uani pamekauka kiasi cha kufagilika.

Jioni Shemeji aliniletea vibao viwili badala ya kimoja. Cha kwanza ni kile cha juzi. Cha pili kina duara lilelile na tone lilelile, lakini ni cha bluu, ile bluu ya mji mzima, na amekipaka leo, akiona kwa jicho lake jipya kwamba ni bluu.

"Hukuagizwa hiki," nilisema.

"Yule mama wa kwenye kibanda alisema nini? Ya ushirika ni ya bluu. Anaijua, anaiamini, mtoto wake anakunywa maziwa kwa ajili yake. Ya kijani aliijua kwa tapeli. Sasa sisi kesho tupake kijani mji mzima, tumwambie nini? Kwamba alikuwa sawa akakosea?"

"Mwongozo unasema kijani."

"Mwongozo unasema rangi iwe moja. Ulinisomea mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kuwaonyesha kwamba naweza zote mbili. Wakichagua kijani, nitapaka kijani mpaka kwenye lile gari, na mama yule nitakwenda kumweleza mwenyewe. Wakichagua bluu, basi itakuwa bluu iliyochaguliwa, si bluu iliyotuponyoka. Nikiona vizuri sina sababu ya kuwaficha kitu."

Mwanzoni mwa msimu ningemjibu papo hapo. Kilichoandikwa kwanza ndicho sahihi, mjadala umefungwa. Leo nilivisimamisha vibao vyote viwili kwenye kiti cha marehemu, nikarudi nyuma, nikavitazama mpaka mwanga ukaisha. Naijua nembo sahihi. Sijui kama bado naijua ile ya kweli, na sijawahi kuandika sentensi kama hiyo katika maisha yangu.

Taarifa yangu ya mwisho ni fupi: mkono huu na jicho hili havina kasoro, na mashine haihitajiki. Kuhusu rangi nitavibeba vibao vyote viwili, kimoja kila kwapa, na nitaomba yule mama aitwe asikilizwe. Jicho la kushoto litapasuliwa mwezi ujao. Saa ya kaka yake nimeiacha mfukoni mwa koti langu la kwendea hospitali, kwa kuwa itahitajika.

Kamati ikishaamua nitaandika humu siku hiyohiyo, sentensi nzima, yenye kitenzi.